Jalada, Mwenendo na Hukumu: Raia Anaruhusiwa Kuona Nini Mahakamani

Kesi moja huzaa karatasi nyingi, na si zote zinazomfikia raia kwa njia moja. Ipo orodha ya mashauri inayobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Lipo jalada linalotunzwa masjala, upo mwenendo ambao hakimu au jaji anauandika shahidi akiwa kizimbani, na mwisho ipo hukumu. Orodha ni ya kila mtu. Hukumu za mahakama za juu, kwa miaka ya karibuni, ni za kila mwenye simu iliyounganishwa na intaneti. Jalada na mwenendo ni habari nyingine kabisa, na huko ndiko wananchi wengi wa Tanzania na Kenya hukwama.

Msingi wa yote ni kanuni ya zamani kwamba haki hutendwa hadharani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania inahesabu mahali popote kesi inaposikilizwa kuwa mahakama ya wazi, na umma unaruhusiwa kuingia kwa kadiri nafasi inavyotosha. Ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya kushtakiwa mbele ya umma. Kwa hiyo mtu hahitaji kuwa ndugu wa mdai, wala hana sababu ya kujieleza mlangoni amefuata nini. Anaingia, anazima simu, anakaa benchi la nyuma, anasimama jaji anapoingia. Kupiga picha au kurekodi sauti ndiko kunakohitaji kibali. Zipo kesi zilizovuka kuta za ukumbi: usikilizaji wa pingamizi za uchaguzi wa rais mbele ya Mahakama ya Juu ya Kenya mwaka 2013, 2017 na 2022 ulirushwa moja kwa moja na televisheni, na mfugaji wa Turkana mwenye luninga aliona kilekile alichokiona wakili aliyeketi ukumbini Nairobi.

Lakini kuhudhuria si kupata kumbukumbu. Aliyekaa benchi la nyuma anaondoka na alichokisikia tu. Hawezi kukata rufaa nacho, hawezi kukipeleka benki wala ofisi ya ardhi. Kinachohesabika ni karatasi yenye mhuri.

Anayetafuta habari za kesi huanza na namba. Kila shauri linapofunguliwa hupewa aina, namba na mwaka: la madai, la jinai, la ardhi, la mirathi, maombi madogo, rufaa. Asiye na namba anaweza kutafutiwa kwa majina ya wadaawa, ila majina huandikwa kwa namna tofauti tofauti, na Juma Hamisi wa kwenye hati ya madai anaweza kuwa Hamisi Juma kwenye daftari. Kujua mahakama yenyewe nako si jambo dogo. Kwa Tanzania Bara zipo Mahakama za Mwanzo, za Wilaya, za Hakimu Mkazi, Mahakama Kuu na kanda zake na divisheni zake, kisha Mahakama ya Rufani. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na Mahakama za Kadhi. Tena migogoro mingi ya ardhi husikilizwa katika Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, kwa hiyo mtu anaweza kushinda kutwa nzima katika Mahakama ya Wilaya akitafuta shauri ambalo halijawahi kukanyaga hapo.

Namba ikishapatikana, kinachofuata ni tarehe, na hapa pana jambo linalowasumbua wageni wa mahakama kila siku. Shauri linaweza kupangwa kwa kutajwa, kwa kusikilizwa, kwa uamuzi mdogo au kwa hukumu. Siku ya kutajwa, mara nyingi kinachofanyika ni kuangalia kama pande zote zimepata wito, kama majibu yamewasilishwa, kama upelelezi umekamilika, halafu tarehe nyingine inatolewa. Watu huacha shamba na biashara, wakalipa nauli kutoka kijijini pamoja na mashahidi watatu, kumbe siku hiyo hakuna shahidi atakayeitwa. Neno moja kwenye orodha lingewaokoa. Orodha hizo siku hizi hupatikana pia mtandaoni: Mahakama ya Tanzania huzitoa katika tovuti yake, na za Kenya huwekwa katika tovuti ya Kenya Law. Tangu janga la korona la 2020, nyingi za Kenya huja na kiungo cha kuingia katika usikilizaji kwa njia ya video, hata kwa mtu ambaye hana kesi yoyote.

Jalada ndilo moyo wa kesi. Ndani yake mna hati ya madai au hati ya mashtaka, majibu, hati za viapo, barua za mawakili, vielelezo, amri na mwenendo wenyewe. Wadaawa na mawakili wao wana haki ya kuliona. Mtu wa nje huomba kwa barua kwa Msajili au kwa hakimu mfawidhi, akieleza ni shauri lipi na analitakia nini; akikubaliwa, analipa ada kama imewekwa, na analiperuzi mbele ya karani bila kutoka nalo. Sababu za kuomba ni nyingi, na nyingine ni za kawaida sana. Anayetaka kununua kiwanja Kigamboni hutaka kujua kama kinagombewa. Mrithi hutaka kuona msimamizi wa mirathi aliorodhesha mali gani. Mwandishi wa habari hutaka kuhakiki kiasi cha fedha kilichotajwa kabla hajakiandika. Sheria za jinai nazo humtambua mtu aliyeguswa na uamuzi: kwa Kenya, mtu huyo akiomba nakala hupewa kwa malipo, na mahakama inaweza kuamua apewe bure.

Mwaka 2016 nchi zote mbili zilitunga sheria ya kupata taarifa. Ya Kenya inatekeleza ibara ya 35 ya Katiba na inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu maombi. Ya Tanzania, ambayo inahusu Bara peke yake, inatoa siku 30. Zote zinamhudumia raia, na zote zina orodha ya mambo yanayoweza kuzuiwa, likiwemo lile litakaloharibu upelelezi au kuingilia faragha ya mtu. Kwa hali ilivyo, sheria hizi zinamfaa zaidi anayedai kumbukumbu za halmashauri au wizara. Masjala ya mahakama ina kanuni zake na mazoea yake, na mwombaji mwenye barua fupi inayotaja namba ya shauri hufika mbali kuliko aliyebeba sheria nzima kwapani.

Palipo na uzito mkubwa kuliko pote ni kwenye nakala za mwenendo na hukumu, kwa sababu hapo haki ya kukata rufaa inafungamana na kasi ya mpiga chapa. Rufaa ina muda. Aliyeshindwa Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kwenda Mahakama ya Wilaya. Aliyetiwa hatiani na mahakama ya chini katika kesi ya jinai hutakiwa kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 10, kisha kuwasilisha sababu zake ndani ya siku 45. Sasa, sababu za rufaa zinaandikwaje na mtu ambaye hajaisoma hukumu iliyomfunga? Sheria imeliona hilo: siku zilizotumika kungoja nakala hazihesabiwi. Mfungwa wa Ukonga au Butimba hupeleka taarifa yake kupitia ofisa wa gereza, na muda wake wa siku 45 hautakiwi kumwishia kabla karatasi hazijamfikia.

Kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika shauri la madai, utaratibu unabana zaidi. Taarifa ya rufaa hutolewa ndani ya siku 30, na rufaa yenyewe pamoja na kumbukumbu zake huwasilishwa ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo. Siku za kungojea mwenendo huondolewa katika hesabu kwa sharti mahususi: mrufani awe ameomba nakala kwa maandishi ndani ya siku 30 za uamuzi, na nakala ya barua hiyo awe amempa mpinzani wake. Akitimiza hayo, Msajili humpa cheti cha ucheleweshaji kinachoonyesha siku ngapi zisihesabiwe. Kanuni zilifanyiwa marekebisho mwaka 2019 ili nakala ziwe tayari ndani ya siku 90 tangu zilipoombwa. Mrufani ambaye hajaarifiwa hadi siku hizo zinaisha hutakiwa azifuatilie mwenyewe ndani ya siku 14 zinazofuata, asikae nyumbani akisubiri kuitwa. Cheti hicho kimewaponza wengi. Tarehe ikikosewa, au ikahesabiwa kuanzia siku isiyo ya maombi, rufaa nzima inaweza kuondolewa bila hoja zake kuguswa, na hili limetokea mara nyingi kiasi kwamba wakili makini hukikagua cheti kabla ya kukagua hukumu.

Kwa anayetoka Mahakama ya Mwanzo njia ni nyepesi zaidi. Mashauri yake huendeshwa kwa Kiswahili, na Mahakama Kuu imeshaeleza kwamba sheria haimlazimishi mrufani wa ngazi hiyo kuambatisha nakala ya hukumu kwenye rufaa yake. Wapo wanaokaa miezi wakiingoja nakala hiyo, siku 30 zikapita, ndipo wanaambiwa kwamba wangeweza kuanza bila hiyo. Kenya imelipandisha suala hili hadi kwenye Katiba: ibara ya 50 inasema mshtakiwa wa makosa yasiyo madogo anaweza kupata nakala ya mwenendo kesi ikiwa bado inaendelea, na baada ya kesi kumalizika ana haki ya kuipata katika muda wa kuridhisha kwa ada ya kuridhisha.

Chanzo cha ucheleweshaji si siri. Kwa miongo mingi hakimu ndiye aliyeuliza, akasikiliza na kuandika kwa mkono, neno baada ya neno, huku shahidi akingojea kalamu imfikie. Baadaye mtu mwingine alitakiwa kuusoma mwandiko huo na kuuchapa. Hakimu akihamishwa kutoka Songea kwenda Bukoba, kurasa ambazo hazisomeki zilibaki bila mfasiri. Katika mahakama nyingi za Tanzania shahidi alisema Kiswahili, mwenendo ukaandikwa kwa Kiingereza, na nakala ikarudi kwa mtu aliyesema maneno yale akiwa hawezi kuhakiki kama ndiyo aliyoyasema. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na ya sheria, Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapokihitaji. Katika miaka iliyofuata Mahakama ya Tanzania ilianza kufunga mfumo wa kompyuta unaonukuu sauti za ukumbini na kutafsiri kati ya lugha hizo mbili. Hata hivyo anayefungua hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani leo atakutana na Kiingereza katika nyingi kati yake.

Hukumu hizo zenyewe zina historia ya kufichika bila kufichwa. Katika enzi ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, maamuzi yaliyochaguliwa yalichapishwa katika vitabu vya ripoti za sheria vilivyosomwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mahakama hiyo ilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaanza kazi 1979. Ripoti za Tanzania zilichapishwa, lakini kwa kuchelewa na kwa kuchagua. Sehemu kubwa ya hukumu ilibaki kabatini na jina la kutoripotiwa. Wakili wa Mbeya aliyesikia kwamba kuna uamuzi unaomfaa alilazimika kumjua mtu wa Dar es Salaam wa kumtolea kopi. Mwenye marafiki wengi masjala alikuwa na sheria nyingi kuliko mwenziwe. Na raia wa kawaida hakuwa na lolote, ingawa sheria ile ilimfunga sawasawa na wote.

Mabadiliko yalianza Kenya. Chombo cha umma cha kuripoti sheria kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na kwa jina lake la sasa la Kenya Law kimeweka mtandaoni hukumu, sheria na katiba, bila malipo na bila kumtaka msomaji ajisajili. Tanzania ina TanzLII, inayoendeshwa na Mahakama. Zanzibar, Uganda na Rwanda zina tovuti za jamii hiyohiyo. Kila hukumu hupewa alama inayoitambulisha popote: mwaka katika mabano ya mraba, herufi za mahakama, kisha namba. Herufi TZCA ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania, TZHC ni Mahakama Kuu. KESC ni Mahakama ya Juu ya Kenya na KEHC ni Mahakama Kuu yake. Mwenye alama hiyo akiiandika katika kisanduku cha utafutaji anaipata hukumu nzima, majina ya majaji, hoja za pande zote na sababu za uamuzi.

Faida yake haikuishia kwa mawakili. Mwanafunzi wa sheria wa Mzumbe anasoma hukumu ya wiki iliyopita. Mjane anayegombania nyumba anaweza kuona wajane wengine waliamuliwaje. Mahakimu wenyewe hawawezi tena kusema hawakuijua hukumu ya juu. Ila kuna pengo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kinachowekwa mtandaoni kwa wingi ni maamuzi ya juu, na huko ndiko kesi chache hufika. Sehemu kubwa ya Watanzania hukutana na mahakama katika Mahakama ya Mwanzo, kwa mirathi, talaka, madeni na ugomvi wa mtaani, na maamuzi ya huko hubaki katika jalada la karatasi, palepale yaliposomwa. Uwazi umeanzia juu ya ngazi, nao bado haujateremka.

Kufungua mashauri kwa njia ya kielektroniki kumeleta aina nyingine ya ufikiaji. Tanzania ilitoa kanuni zake mwaka 2018. Kenya ilianza na Nairobi mwezi Julai 2020, na mwaka 2024 ikaueneza mfumo huo nchi nzima. Mdaawa aliyesajiliwa huona hatua ya shauri lake, nyaraka zilizowasilishwa na tarehe inayofuata bila kusafiri. Mifumo hii imejengwa kwa ajili ya wadaawa na mawakili. Mtu wa nje haoni yaliyomo; kwake masjala haijaondoka.

Marekani walichagua njia tofauti, na matokeo yake yanafundisha. Huko mfumo wa mahakama za shirikisho uitwao PACER humfungulia mtu yeyote duniani karibu jalada zima: madai, majibu, viapo na viambatisho. Lakini hutoza senti 10 za dola kwa ukurasa, mwisho dola 3 kwa waraka mmoja, na hukumu zenyewe hutolewa bure. Anayetumia dola 30 au chini yake katika miezi mitatu husamehewa. Mwaka 2016 mashirika matatu yasiyo ya kibiashara yalishtaki, yakidai kwamba fedha hizo zinazidi gharama ya kuutoa waraka na zinatumika kwa mambo mengine. Shauri liliishia kwa suluhu ya dola milioni 125, iliyoidhinishwa mwaka 2024. Kabla ya hapo, tangu 2009, watumiaji wengine walikuwa wameanza kuchangiana nyaraka walizokwisha kulipia kupitia programu iitwayo RECAP, ambalo ni jina la PACER likisomwa kinyumenyume. Kwa hiyo jalada lililo wazi kisheria linaweza kufungwa na bei, na la Afrika Mashariki lenye ada ndogo linaweza kufungwa na umbali.

Yapo yasiyotakiwa kuonekana na umma hata kidogo. Kesi za watoto husikilizwa faraghani chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 ya Tanzania na Sheria ya Watoto ya 2022 ya Kenya. Ushahidi wa makosa ya kujamiiana nao husikilizwa kwa faragha Tanzania, na majina ya mashahidi hayachapishwi. Katika hukumu za aina hiyo, mwathirika hutajwa kwa herufi za mwanzo au kwa namba ya shahidi. Arusha ina mfano mkubwa wa kazi hii ya kuficha majina: kumbukumbu za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyofungwa mwisho wa 2015, zimehifadhiwa huko, na sehemu yake inasomeka mtandaoni. Mashahidi waliolindwa wanaonekana humo kwa majina ya bandia, na kurasa nyingine zimefutwa baadhi ya mistari kabla ya kuachiwa.

Ugumu unakuja kwa watu wazima wasiolindwa na sheria maalumu. Zamani talaka iliyoamuliwa ilijulikana na majirani kisha ikasahaulika. Leo hukumu inayotaja mapato, maradhi na ugomvi wa chumbani inaweza kutokea mtu anapoandika jina kwenye mtandao miaka kumi baadaye, na aliyeachiwa huru bado anaonekana pamoja na shtaka lake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini uwazi wa hukumu una uzito wake mwenyewe. Njia inayotumika zaidi Kenya katika mashauri ya familia ni kubadilisha majina kuwa herufi na kuacha sababu za uamuzi zikiwa kamili, nayo inaonekana kuwa njia ya busara: jirani hajui ni nani, lakini mwanasheria anajua sheria imesemaje.

Kisha kuna jalada ambalo halionekani kwa sababu halipo. Moto, mafuriko, kuhama kwa ofisi au mkono wa mtu vimewahi kupoteza kumbukumbu za kesi ambazo rufaa zake bado zinasubiri. Mahakama ya juu haimfungi wala kumwachia mtu kwa kukosekana karatasi peke yake. Kwanza huagiza jalada lijengwe upya: wadaawa, waendesha mashtaka, polisi na magereza wanatakiwa walete nakala walizonazo. Zikipatikana za kutosha, rufaa inaendelea. Zisipopatikana, majaji hupima kama kesi isikilizwe upya au mfungwa aachiwe, wakiangalia ametumikia muda gani na kama mashahidi bado wanapatikana. Katika hatua hiyo nakala ya hati ya mashtaka iliyokunjwa kwenye mfuko wa nailoni nyumbani kwa mama wa mfungwa, ikiwa na mhuri wa mahakama, huwa kumbukumbu rasmi inayoingia katika jalada jipya.